Mchimba Makaa Aliyemshinda Herrera

Wapo viongozi wa michezo ambao kila timu inapofungwa hukimbilia kuutaja uchache wa fedha. Tungewaomba wayatazame maisha ya marehemu Jock Stein wa Uskoti.

Stein alizaliwa mwaka 1922 huko Burnbank, katika eneo la machimbo ya makaa ya mawe la Lanarkshire. Alishuka mgodini angali kijana, na kwa miaka kadhaa alichimba makaa huku akiichezea klabu ndogo ya Albion Rovers. Mwaka 1951 alichukuliwa na Celtic ya Glasgow, akawa nahodha, mpaka maumivu ya kifundo cha mguu yalipomtoa uwanjani na kumwingiza katika ualimu. Mwaka 1961 aliiongoza Dunfermline kuishinda Celtic hiyo hiyo katika fainali ya Kombe la Uskoti. Celtic ikamrejesha mwaka 1965, ingawa alikuwa Mprotestanti na klabu ile kwa jadi ni ya Wakatoliki.

Tarehe 25 Mei, 1967, mjini Lisbon, alikabiliana na Helenio Herrera, mwalimu wa Inter ya Milan, katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Ulaya. Herrera hakuwa mtu wa kubezwa. Alikwisha kulitwaa kombe hilo mwaka 1964 na 1965, na nyuma yake alisimama tajiri wa mafuta, Angelo Moratti. Mbinu yake ilikuwa kupata bao moja kisha kufunga mlango: mabeki humkaba kila mtu na mtu wake, na mmoja wa ziada husimama nyuma yao kuondoa kila kinachopenya. Stein alikuwa na vijana waliozaliwa wote katika maili 30 hivi kutoka Glasgow.

Dakika ya 7 beki Jim Craig alisababisha penalti, Mazzola akafunga. Inter wakarudi nyuma, kama ilivyokuwa ada yao. Stein alikwisha kulifikiria hilo: washambuliaji wake waliwavuta walinzi huku na huko, na nafasi zilizoachwa zikaingiwa na mabeki wa pembeni. Kipa Sarti aliokoa mikwaju mingi mno. Dakika ya 63 Craig yule yule alimpasia beki mwenziwe, Gemmell, aliyepiga kwa mbali na kusawazisha. Dakika ya 84 Chalmers akaongeza la pili. Ni kweli kwamba Inter walimkosa Luis Suárez. Lakini timu iliyolemewa kiasi kile isingeokolewa na mtu mmoja.

Celtic ikawa klabu ya kwanza ya Uingereza kulipata kombe lile. Stein alifariki akiwa kazini, tarehe 10 Septemba, 1985, mjini Cardiff, alipoanguka mwishoni mwa mchezo ambao Uskoti, timu aliyokuwa akiifundisha, ilitoka sare ya 1-1 na Wales.