ROBERT KOCH: DAKTARI ALIYEFUKUA VUMBI KUTAFUTA PAPASI



Sifa zote njema ni za Allah (SW), Muumba wa vikubwa na vidogo, vinavyoonekana na visivyoonekana kwa macho yetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Wapenzi wanafunzi, wengi wenu asubuhi mko shuleni na jioni mko madrasa. Huko shuleni mnafundishwa somo la seli. Mnachora duara, mnaandika majina ya sehemu zake, mnakariri kwa ajili ya mtihani, kisha mnasahau. Katika toleo hili tumeona tuwaletee maisha ya mtu ambaye umri wake wote aliupitisha akitazama seli, na ambaye kazi yake ilimfikisha mpaka nchini kwetu. Hakuwa Muislamu, na si kila alilolifanya ni la kuigwa. Lakini elimu yenye manufaa huchukuliwa popote inapopatikana, na makosa ya waliotutangulia nayo ni darasa.

Kwanza tukumbushane seli ni nini. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kwa hadubini kipande chembamba cha gome la mti, akaona kimegawanyika vyumba vyumba. Mwaka 1838 Mjerumani Matthias Schleiden alieleza kwamba mimea imejengwa kwa seli, na mwaka 1839 mwenzake Theodor Schwann akaeleza kwamba wanyama nao ni hivyo hivyo. Seli ya mmea na ya mnyama zote zina utando wa nje unaochagua kinachoingia na kinachotoka, zina ute ndani yake, na zina kiini kinachohifadhi maagizo ya urithi. Mmea umezidishiwa vitu vitatu: ukuta mgumu, chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na mfuko mkubwa wa maji. Tazameni mtama katika mashamba yetu ya Dodoma. Hauna mifupa, lakini umesimama kwa sababu seli zake zina kuta na zimejaa maji. Jua likiwa kali na maji yakipungua, mifuko ile hulegea na majani hunyauka. Mbuzi seli zake hazina kuta. Yeye amepewa mifupa na misuli, naye hukitafuta chakula chake kwa miguu.

Wapo pia viumbe ambao mwili wao wote ni seli moja tu. Miongoni mwao ni bakteria, ambao kwa kawaida wana ukuta na utando, ila maagizo yao ya urithi hayakufungiwa ndani ya kiini. Hao ndio waliomshughulisha Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa machimbo ya madini. Walikuwa watoto wengi katika nyumba yao. Alisoma udaktari Chuo Kikuu cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Hakuanza kazi katika maabara kubwa. Alikuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland, na baada ya kuwahudumia wagonjwa aliingia katika chumba kidogo alichokitenga nyumbani kwake, akakaa na hadubini yake.

Katika wilaya ile mifugo ilikuwa ikifa kwa kimeta. Koch alichunguza damu ya wanyama waliokufa, akawaona bakteria wenye umbo la fimbo. Akawaotesha nje ya mwili, akawafuatilia siku baada ya siku, akagundua kwamba mazingira yakiwa magumu hujigeuza mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi. Hapo ikafahamika kwa nini malisho yaleyale huua ng'ombe tena na tena. Mwaka 1876 alisafiri hadi Breslau kumwonesha kazi yake Ferdinand Cohn, mtaalamu wa mimea, kwani wakati ule bakteria walihesabiwa katika mimea. Cohn aliikubali na kuichapisha. Daktari wa kijijini akajulikana Ulaya nzima.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Koch alitangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Wengine walikuwa wamemtafuta wasimwone, kwa sababu ukuta wa seli yake una mafuta kama nta na haukubali rangi kwa urahisi. Koch alijaribu rangi moja baada ya nyingine mpaka bakteria akaonekana. Ndiyo maana kila tarehe 24 Machi huadhimishwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Mwaka 1883 alikwenda Misri kulikokuwa na kipindupindu, kisha akaendelea mpaka Calcutta, India, na mwaka 1884 akaeleza kuhusu bakteria wa maradhi hayo na kuenea kwake kwa maji machafu.

Nchini kwetu, ambako wakati huo kulikuwa chini ya utawala wa Wajerumani, Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897, akachunguza malaria, yaani kiumbe wa seli moja anayeingia ndani ya chembechembe nyekundu za damu. Akarudi tena mwaka 1905 kuchunguza homa iliyokuwa ikiwasumbua wasafiri wa bara. Mtu hushikwa na homa kali siku chache, hupata nafuu akadhani amepona, kisha homa humrudia.

Wenyeji walikwishamjua adui yao kabla ya Koch, na jina walikuwa nalo: papasi. Ni mdudu wa jamii ya kupe, hana mabawa, anakaa katika vumbi na nyufa za sakafu ya udongo, hutoka usiku akamnyonya aliyelala, kisha hurudi kujificha. Koch alizifuata njia za misafara kuelekea bara. Katika vibanda vya kulala wasafiri, udongo wa sakafu ulifukuliwa na kuchekechwa, na papasi wakapatikana. Alipowapasua na kuwatazama kwa hadubini aliwaona bakteria wembamba waliojipinda mfano wa springi, hata ndani ya mayai ya papasi. Maana yake ni kwamba mama huwarithisha watoto wake maradhi, na papasi mchanga ambaye hajamuuma mgonjwa yeyote tayari ana hatari. Katika miaka hiyohiyo, watafiti Waingereza waliokuwa Uganda na mashariki ya Kongo walifikia matokeo yanayofanana. Mmoja wao, Joseph Dutton, alifariki huko Kongo mwezi Februari 1905, naye akiwa ameugua homa hiyohiyo. Bakteria huyo akaitwa kwa jina lake.

Habari hii inatuhusu sana sisi wa Dodoma. Nyumba za tembe zenye sakafu ya udongo zilikuwa makazi mazuri ya papasi, na eneo la Mvumi limetajwa mara nyingi katika uchunguzi wa homa hii. Wanaodhurika zaidi ni wajawazito na watoto wachanga. Leo tunajua pia kwa nini homa hurudi. Mwili unapomtambua bakteria na kumshambulia, baadhi yao hubadilisha vazi la nje la seli yao, na mwili hulazimika kuanza upya kuwatambua. Alhamdulillahi, dawa zake zipo, na mgonjwa awahishwe hospitali. Sakafu ya saruji, kuziba nyufa na kulala juu ya kitanda hupunguza hatari.

Mwaka 1905 Koch alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini, wapenzi wanafunzi, tusifiche upande wa pili. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu kabla ya kuithibitisha, akaficha ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuponya, na wako waliokufa. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese nchini Uganda, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa yenye sumu ya aseniki. Alipoona maradhi yanarudi, aliongeza kipimo. Baadhi yao walipofuka macho, wasione tena mpaka kufa kwao. Walikuwa watu wanyonge chini ya utawala wa kigeni, hawakuwa na pa kushitaki.

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Mwaka huohuo reli ya kati ilifika Dodoma.

Tunajifunza nini?

Kwanza, subira. Chumba kidogo na hadubini moja vilitosha kwa aliyekuwa tayari kutazama jambo lilelile kila siku. Ukipata nafasi shuleni, chukua utando mwembamba wa kitunguu, uutazame kwa hadubini, uone kuta za seli kwa macho yako.

Pili, kuwaheshimu wanaojua. Wenyeji walimjua papasi, na mikono iliyochekecha vumbi lile ilikuwa yao, ingawa majina yao hayakuandikwa.

Tatu, elimu ni amana. Jicho lililoweza kuona kiumbe mdogo ndani ya yai la papasi lilishindwa kumtazama vyema mgonjwa aliyekaa mbele yake. Miongoni mwenu watatoka madaktari, inshaallah. Siku hiyo ikifika, mkumbuke kwamba mwenye seli zile ni mja wa Allah, na kwamba kila mmoja wetu ataulizwa aliifanyia nini elimu yake.