MEKATILILI WA MENZA: MAMA, MJANE NA KIONGOZI

Katika toleo hili la ukumbusho Kamati imeona vyema kumkumbuka mama mmoja anayejulikana kote Kenya. Yeye pia aliondolewa kwao kwa nguvu, kama wengi wetu tuliovuka mpaka hapa Busia na Malaba tukiwa na watoto mgongoni.

Alizaliwa Ganze, Kilifi, karne ya 19, akaitwa Mnyazi wa Menza. Kaka yake Mwarandu alichukuliwa na wafanyabiashara ya watumwa, asionekane tena. Mnyazi aliolewa, akazaa, na kwa desturi ya Wagiriama akaitwa Mekatilili, yaani mama yake Katilili. Jina lililoisumbua serikali ya wakoloni lilikuwa jina la uzazi.

Waingereza walitoza kodi ya nyumba na kuwataka vijana waende kufanya kazi katika mashamba ya wageni. Mekatilili, wakati huo mjane, alipita kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya wanawake ya msibani, na watu wakamfuata. Mwaka 1913, huko Kaya Fungo, yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwaapisha wanawake na wanaume wasiitii serikali.

Inasimuliwa kwamba alifika kwenye baraza la ofisa Arthur Champion akiwa na kuku na vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Ofisa akadonolewa. Kila mzazi pale akaelewa maana yake.

Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje, wakahamishiwa magharibi ya Kenya, mamia ya kilomita kutoka pwani. Mwaka 1914 walitoroka, wakarudi kwao kwa miguu. Mwaka huohuo Waingereza waliilipua Kaya Fungo, vita vikazuka, na Mekatilili akahamishwa mara ya pili. Aliporudi mwaka 1919 alikalia kiti chake katika baraza la wanawake wa kaya. Alifariki miaka ya 1920.

Ndugu zetu, tusiseme tu kwamba alikuwa shujaa. Uongozi ulimtenga na jamaa zake kwa miaka. Hapa kambini akina mama huchaguliwa kwa makofi, na baada ya miezi michache wengine hujiuzulu. Mkutano umeitishwa saa ya mgao, mtoto ana homa, maji hayajatekwa, na mume ananung'unika. Huo si uvivu wao.

Kwa hiyo Kamati inaomba mambo matatu. Mikutano ifanyike baada ya mgao. Waume wabebe madumu siku ya kikao. Na wafanyakazi wa mashirika wasimfukuze mama aliyekuja na mtoto mchanga. Kiongozi huyu aliitwa mama wa fulani mpaka kufa kwake, na hakuna aliyeona kwamba jina hilo linampunguzia heshima.