Arthur Andersen: Mwalimu na Mkaguzi wa Hesabu

Wakulima wa Rapsu, katika Kaunti ya Isiolo, wakisomewa hesabu za kikundi chao, ni haki yao kuuliza iwapo aliyezikagua yuko huru na walioziandika. Swali hilo dogo ndilo kiini cha maisha ya Arthur Andersen, mhasibu aliyeunganisha darasa la biashara na ofisi ya ukaguzi.

Andersen alizaliwa tarehe 30 Mei 1885 mjini Plano, Illinois, nchini Marekani, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Norway. Alibaki yatima akiwa na umri wa miaka 16, akalazimika kufanya kazi mchana na kusoma usiku. Mwaka 1908, akiwa na miaka 23 tu, alifuzu kuwa mhasibu wa umma.

Baada ya kufanya kazi katika kampuni ya Price Waterhouse mjini Chicago, alianza kufundisha uhasibu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, ambako hatimaye aliongoza idara na kuwa profesa. Mwaka 1913 alianzisha kampuni yake ya ukaguzi pamoja na mshirika mmoja. Kwa miaka kadhaa alikuwa na miguu miwili: mmoja darasani, mwingine sokoni. Matatizo aliyoyakuta katika madaftari ya wateja yalimpa mifano ya kufundishia, nayo kampuni yake ikaajiri vijana waliosoma chuoni, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo. Aliacha ualimu mwaka 1922, lakini baadaye aliongoza baraza la wadhamini la chuo hicho.

Sifa yake ilitokana na msimamo. Mwaka 1915 meli ya mizigo ya mteja wake mmoja ilizama katika Ziwa Michigan. Ingawa mwaka wa hesabu ulikuwa umekwisha kufungwa, Andersen alishikilia kwamba hasara hiyo itajwe, ili wasomaji wa hesabu wasipotoshwe. Alifariki dunia tarehe 10 Januari 1947.

Baada yake, kampuni ilikua mno. Ilijenga kituo chake cha mafunzo, na katika vyuo vikuu kadhaa vya Marekani palikuwa na viti vya uprofesa vyenye jina lake. Hata hivyo, mwaka 2000 ilipokea kutoka kampuni ya Enron takriban dola milioni 25 za ukaguzi na milioni 27 za kazi nyingine, ushauri ukiwemo. Enron ilianguka Desemba 2001. Mwaka 2002 kampuni ya Andersen, iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 85,000 duniani, ilitiwa hatiani kwa kuzuia haki na ikasambaratika. Mahakama Kuu ya Juu ilibatilisha hukumu hiyo mwaka 2005, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Maisha haya yanatufunza nini? Uhusiano wa kampuni za ukaguzi na vyuo ni wa manufaa: msomi hupata matatizo halisi ya kuchunguza, na kampuni hupata wataalamu. Lakini mfadhili wa utafiti akiwa ndiye anayestahili kuchunguzwa, nani atamkagua mkaguzi? Sisi wanafunzi, ambao kesho tutatafuta kazi katika kampuni hizo hizo, tuchukue kutoka kwa Andersen si jina lake, bali ule ukaidi wake wa mwaka 1915. Hesabu ya Chicago na hesabu ya Rapsu zote husimama juu ya uaminifu.