Bwana Sheldon, Mpimaji wa Sarafu na Miili ya Watu

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamewahi kuishika pesa ya Sayyid Barghash, ile ya shaba yenye mwaka 1299 wa Hijra na picha ya mizani. Ukifungua makasha ya wazee wetu, tangu Lamu hadi Unguja, huenda ukaikuta moja chini kabisa, pamoja na riale na rupia za zamani. Sasa, pesa hiyo ikifika mikononi mwa wanunuzi wa sarafu kuukuu huko Ulaya na Marekani, swali lao huwa ni moja: ni ya daraja gani? Na daraja hilo hutajwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 70. Namba hizo hazikuteremka kutoka mbinguni. Zilitungwa na mtu mmoja, Mmarekani kwa jina William Herbert Sheldon, ambaye amekwisha kufa tangu 1977. Nimeona niwasimulie maisha yake, kwani ni habari ya ajabu, na ndani yake mna mambo mawili ambayo watu wa pwani tunayaelewa sana, nayo ni stara na amana.

Sheldon alizaliwa mwaka 1898 katika jimbo dogo la Rhode Island. Baba yake alikuwa mfugaji na mjuzi wa wanyama, na kijana akakulia katika nyumba ambamo kiumbe hutazamwa umbo lake kwanza. Alisoma Chuo Kikuu cha Brown, kisha Chicago, na huko akapata shahada ya udaktari wa elimu ya nafsi mwaka 1925, na baadaye, mwaka 1933, ya utabibu. Tangu ujana alipenda sarafu, hasa zile senti kubwa za shaba ambazo Marekani ilizipiga huko Philadelphia kuanzia 1793 hadi 1857. Lakini kilichompa jina duniani kwanza si sarafu, bali ni miili ya watu.

Bwana huyu alishika dhana kwamba tabia ya mtu imeandikwa katika umbo lake. Aligawa maumbo mafungu matatu: mnene wa tumbo, mwenye misuli na mifupa mipana, na mwembamba mrefu. Kila mtu alipewa alama kwa kila fungu, kuanzia 1 hadi 7. Mnene kupita kiasi alikuwa 7-1-1, pandikizi la mtu 1-7-1, na mwembamba kama ufito 1-1-7. Mnene, alidai, hupenda raha na kula pamoja na watu. Mwenye misuli hupenda vishindo na kutawala. Mwembamba hujificha na fikira zake. Kitabu chake cha kwanza cha elimu hiyo kilitoka mwaka 1940, nacho kilijengwa juu ya picha 4,000 za wanafunzi wa kiume wa vyuo. Mwaka 1954 akatoa kitabu kikubwa cha picha za wanaume, umbo baada ya umbo, ili mtu yeyote aweze kumlinganisha binadamu aliye mbele yake na picha iliyomo kitabuni.

Na picha zote hizo, wasomaji wangu, zilikuwa za watu walio uchi wa mnyama.

Desturi ya kuwapiga picha wanafunzi bila nguo ilikuwako Marekani kabla yake, na vyuo vilisema ni kwa ajili ya kukagua namna kijana anavyosimama, kama mgongo wake umenyooka. Sheldon aliikuta, akaitumia kwa kazi yake, na akaieneza. Harvard, Yale na vyuo vya wasichana kama Wellesley na Vassar ni miongoni mwa vilivyofanya mambo hayo. Kijana wa miaka kumi na minane, siku zake za kwanza chuoni, huambiwa vua, simama hapa, geuka. Wangapi walijua picha ile inakwenda wapi? Mwaka 1950, katika Chuo Kikuu cha Washington kilicho upande wa magharibi, msichana mmoja alikwenda kuwaeleza wazazi wake. Wazazi wakaja juu, wanasheria wakaingia, picha zikachukuliwa na kuchomwa moto. Kitabu cha maumbo ya wanawake, ambacho Sheldon alikikusudia, hakikutoka kamwe.

Wataalamu wenzake hawakukaa kimya. Barbara Heath, mama aliyefanya kazi naye kwa miaka, alitengana naye na kuziona kasoro nyingi katika vipimo vyake. Mwaka 1967 yeye na mwenzake Carter walitangaza njia nyingine ya kupima maumbo, na njia hiyo ndiyo iliyoshikwa na wataalamu wa michezo. Ama ile dai ya kwamba umbo ndilo tabia, imetupwa. Ubaya wake haukuwa wa kitaalamu tu. Sheldon alikuwa katika kundi la wale waliodhani binadamu anaweza kuchaguliwa mbegu kama ng'ombe, na sisi tuliotawaliwa twajua fikira hizo zilimfikisha wapi mtu mweusi.

Turudi kwenye shaba, ambako kwa kweli kazi yake ilikuwa nzuri zaidi. Mwaka 1949 alitoa kitabu cha senti za mwanzo za Marekani, za 1793 hadi 1814, akazipanga kwa muhuri mmoja mmoja uliotumika kuzipiga, na kila aina akaipa namba. Mwaka 1958 kitabu kilitoka tena kikiwa kimepanuliwa, na wakusanyaji wa senti hizo wanazitaja kwa namba za Sheldon hadi leo. Humo ndimo alimoweka ile mizani ya 1 hadi 70. Hesabu yake ilikuwa hivi: senti ya 1794 iliyochakaa kabisa, ambayo kutambulikana kwake ni kwa taabu, ilikuwa na thamani ya dola moja. Nyingine kama hiyo hiyo, lakini safi kama ilivyotoka kwenye mtambo, ilikuwa dola 70. Basi kati ya hizo ukaweka ngazi: 4 ni nzuri kidogo, 12 ni njema, 20 njema sana, 40 bora, 50 karibu na mpya, 60 kwenda juu ni mpya isiyotumika. Ukijua bei ya chini, unazidisha kwa namba ya daraja, umepata bei. Bei za soko hazikutii hesabu hiyo kwa muda mrefu, lakini namba zilibaki.

Kwa nini zilibaki? Kwa sababu kabla yake kila muuzaji alikuwa na ulimi wake. Anayeuza husema ni bora, anayenunua husema imechakaa, na hakuna wa kuamua. Lakini namba peke yake haitoshi. Lazima watu wakubaliane 20 inaonekanaje. Hapo ndipo vilipokuja vitabu vya picha. Mwaka 1970 James Ruddy alitoa kitabu cha picha za sarafu za Marekani katika kila daraja. Unaiweka sarafu yako kando ya picha, unatazama zile sehemu zilizoinuka, nywele juu ya sikio, shavu, ncha za majani, maana huko ndiko shaba inakolika kwanza, unateremka picha kwa picha hadi upate inayofanana. Mwaka 1977, ule ule aliokufa Sheldon, chama cha wakusanyaji sarafu cha Marekani kilitoa kitabu chake rasmi cha madaraja, na kikazitumia namba zake kwa sarafu zote za nchi hiyo. Kuanzia 1986 na 1987 yakaanza makampuni ambayo kazi yao ni kupima tu na kuifungia sarafu ndani ya kijaluba cha plastiki chenye namba juu yake. Kwao 70 ni ile isiyo na doa hata ukiikuza mara tano.

Hapa niseme neno kwa wenye makasha: msisugue pesa zenu kwa ndimu na majivu. Mng'aro huo ndio unaozishusha.

Sasa jambo la amana. Katika jiji la New York kuna Jumuiya ya Sarafu ya Marekani, ambayo ilipewa senti kubwa nyingi na tajiri George Clapp. Sheldon, kwa heshima ya jina lake, alifunguliwa masanduku. Baada ya kufa kwake ilikuja kubainika kuwa alikuwa akichukua zilizo safi na kuweka mahali pake nyingine za aina ile ile zilizochakaa. Zilizohesabiwa kubadilishwa ni 129. Mwenye kujua tofauti ya 40 na 60 kuliko wote ndiye aliyeitumia elimu hiyo kuiba, na wizi wenyewe ukafichuliwa kwa kulinganisha sarafu na maelezo na picha za zamani. Alikuwa amekwisha kuuza mkusanyiko wake kwa tajiri mmoja wa California mwaka 1972. Yule mnunuzi, aliponunua, hakujua lolote. Jumuiya ilipodai mali yake, alijitetea kwamba muda wa kushtaki umepita. Mwaka 1996 mahakama ya rufani ya California ikaamua kuwa muda hauanzi kuhesabiwa mpaka mwenye mali agundue mali yake iko kwa nani, na Jumuiya ikashinda.

Ama zile picha za wanafunzi, nyingi ziliishia katika hifadhi za taasisi ya Smithsonian huko Washington. Mwaka 1995 gazeti la New York Times lilipozitaja, waliokuwa wasichana na wavulana wa zamani, sasa watu wazima wenye vyeo, walishtuka. Taasisi ikafunga mlango wa hifadhi hiyo, na picha za Yale zikakatwakatwa.