MAISHA YA NORMAN McLAREN, MTENGENEZAJI WA SINEMA



Sisi wote tunajua sinema za kupigana. Mmoja anapiga, mwingine anaanguka, na sisi tunashangilia. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyetengeneza sinema ya kupigana ili watu waache kupigana.

Norman McLaren alizaliwa mwaka 1914 kule Stirling, inchi ya Uskoti. Alisoma shule ya sanaa ku Glasgow, na angali mwanafunzi alianza kazi ya filimu. Mwaka 1936 alikwenda Madrid kushika kamera, wakati watu wa Hispania walikuwa wanauana wao kwa wao. Mambo aliyoyaona kule yalimfanya achukie vita maisha yake yote. Mwaka 1939 alihamia New York, na mwaka 1941 aliitwa Kanada, kwenye ofisi ya serikali ya kutengeneza sinema. Pale ndipo alipofanya kazi mpaka uzee.

Mwaka 1949 UNESCO ilimtuma China. Kazi yake ilikuwa kufundisha wachoraji namna ya kutengeneza picha za kuelimisha watu wa vijijini juu ya afya. Alikaa nao, akawapenda. Kumbe, kisha yeye kurudi, vita vya Korea vilikuwa vimekwisha kuwaka, mwaka 1950. Askari wa Kanada walikuwa upande mmoja, askari wa China upande mwingine. Afanye nini sasa? Pande zote mbili zilikuwa na watu wake.

Jibu lake lilikuwa filimu ya dakika 8 tu, ya mwaka 1952, jina lake Neighbours, ndiyo kusema Majirani. Watu wawili wanakaa mbele ya nyumba zao kwa amani. Ua moja linaota katikati. Wote wawili wanalinusa, wanafurahi. Halafu kila mmoja anasema moyoni ni langu. Wanajenga ua wa miti, wanasukumana, wanapigana ngumi, mwisho wanabomoa nyumba na kuua hata mke na mtoto wa mwenzake. Wanakufa wote wawili. Na lile ua? Walilikanyaga wao wenyewe wakati wa kupigana.

Ilitengenezwa namna gani? Sinema ni picha 24 kwa segonde moja, yaani 1.440 kwa dakika. McLaren aliwafanyia watu wazima vile wengine wanavyofanyia sanamu. Kamera inapiga picha moja, inasimama. Mchezaji anasogea kidogo, anatulia kabisa. Inapiga tena. Kama anatakiwa kuruka, anaruka, na kamera inamkamata angali juu. Anashuka, anasogea, anaruka tena. Picha zikifuatana, tunaona mtu anateleza hewani juu ya majani, miguu haigusi chini. Wachezaji walikuwa Grant Munro na Jean-Paul Ladouceur. Fikirini magoti yao jioni!

Lakini haikuwa mchezo bure. Mtu anayesogezwa vile anafanana na sanamu isiyo na akili. Ndivyo hasira inavyotufanya.

Mwaka 1953 filimu ile ilipata zawadi ya Oscar kule Marekani. Lakini kipande cha kuua mke na mtoto kiliwaudhi watu, na McLaren alitakiwa kukiondoa. Miaka ikapita, vita vya Vietnam vikaja, na watu wakaona ya kwamba kile kipande kilisema kweli. Basi akaombwa kukirudisha. Filimu ya asili ya kipande kile ilikuwa imekwisha kuharibiwa, ikabidi kukichukua kutoka nakala nyingine. Ndiyo sababu picha zake si safi sana kama zingine.

Bwana McLaren alikufa mwezi wa kwanza mwaka 1987 kule Quebec. Mwaka 2009 UNESCO iliiandika filimu yake kati ya kumbukumbu za dunia nzima.

Mwisho wa filimu yanabaki makaburi mawili, na juu ya kila moja limeota ua. Basi maua yalitosha kwa wote. Kisha inaonekana ile amri ya kumpenda jirani, katika lugha nyingi. Amri hiyo tunaijua kwa moyo, tunaisema kila juma ku kanisa. Lakini ndoo ikiwa moja ku bomba na sisi tuko wawili, tunaikumbuka?