FLORENCE NIGHTINGALE NA NYUMBA YA WAGONJWA

Florence Nightingale alikuwa Mwingereza. Alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820, katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake walipokuwa safarini. Ndiyo sababu akapewa jina la mji huo. Wazazi wake walikuwa matajiri. Florence alitaka kuuguza wagonjwa, lakini wao walikataa. Siku hizo kazi hiyo ilidharauliwa sana. Alingoja miaka mingi. Mwaka 1851 akaenda Kaiserswerth, Ujerumani, kujifunza.

Mwaka 1853 alipewa hospitali ndogo mjini London aisimamie. Aliona taabu ya kupanda na kushuka ngazi kutwa nzima kwa kuchukua maji na chakula. Muuguzi akiwa ngazini, mgonjwa yuko peke yake. Florence akadai maji ya moto yapande kwa bomba hadi kila ghorofa. Akadai pia chombo cha kuvuta chakula juu. Ndugu msomaji, kama umewahi kwenda mbali kuteka maji huku mtoto anaumwa nyumbani, jambo hili huhitaji kuelezwa mara mbili.

Mwaka 1854 Uingereza iliingia vitani na Urusi. Mwezi wa Novemba Florence alifika Scutari, Uturuki, pamoja na wanawake 38. Hospitali ya huko ilikuwa kambi ya askari. Wagonjwa walijaa hata njiani. Chini ya jengo, mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba. Florence na wenzake walifanya usafi, walipika, walifunga vidonda. Usiku alipita na taa kuwatazama wagonjwa. Hata hivyo askari walikufa kwa maelfu. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara na homa.

Machi 1855 serikali ilileta wataalamu wa afya. Walizibua mifereji. Walitoa mzoga wa farasi katika njia ya maji. Walipaka kuta chokaa, wakafungua madirisha. Vifo vikapungua sana.

Florence alirudi kwao mwaka 1856. Watu walimsifu kila mahali, lakini yeye alikaa na hesabu za vifo. Mwanzoni alidhani askari walikufa kwa kukosa chakula na nguo. Sasa hesabu zilimwonyesha jambo zito. Jengo alimowauguza ndilo lililowaua wengi wao.

Mwaka 1859 alitoa kitabu juu ya hospitali. Alitaka wodi ndefu, yenye vitanda kama 30. Madirisha yawe pande zote mbili, yatazamane, ili hewa ipite. Kuta ziweze kuoshwa. Vyoo viwe mwisho wa wodi, tena vitengwe kidogo, harufu isiingie. Chumba cha muuguzi mkuu kiwe na dirisha la kuonea wagonjwa. Kwa nini hakutaka vyumba vidogo vingi? Kwa sababu vinataka wauguzi wengi, na mgonjwa aweza kuzidiwa humo asionekane. Ni kweli kwamba katika wodi ndefu mgonjwa hana faragha. Lakini wakati ule kuonekana kulikuwa bora.

Hakushinda kila mara. Huko Netley, kusini mwa Uingereza, serikali ilikuwa inajenga hospitali kubwa ya askari kando ya maji. Njia ndefu ya kupitia ndiyo iliyotazama maji na jua. Wagonjwa waliwekwa upande wa nyuma. Florence alikwenda hadi kwa Waziri Mkuu, Palmerston. Ujenzi ulikwisha kwenda mbali, ukaendelea.

Kwa miaka mingi Florence hakuamini habari za vijidudu. Alidhani hewa mbaya ndiyo iletayo ugonjwa. Hapo alikosea, lakini madirisha na mifereji safi viliokoa watu vilevile. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, na barua nyingi aliziandika akiwa kitandani.

Hospitali ya St Thomas', London, ilijengwa kwa kufuata mawazo yake. Ilifunguliwa mwaka 1871. Florence alikufa tarehe 13 Agosti, 1910, akiwa na miaka 90. Baadhi ya majengo hayo ya St Thomas' bado yamesimama kando ya mto Thames.