Khalil bin Ahmad: Mwanazuoni Aliyeujengea Ushairi Hema

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hutaja ubeti, bahari na arudhi kila aingiapo darasani. Ni nadra, hata hivyo, kujiuliza maneno hayo yalikuwa yakifanya kazi gani kabla hayajaingia katika ushairi. Swali hilo humrudisha mtafiti kwa Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanazuoni aliyeipanga elimu ya arudhi ya Kiarabu.

Khalil alizaliwa Oman yapata mwaka 718, katika kabila la Azd, akakulia na kusomea Basra, mji wa bandari ulioko katika Iraki ya leo. Hapo ndipo alipofunza sarufi, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Sibawayhi, Mwajemi aliyeandika kitabu kilichokuja kuwa msingi wa sarufi ya Kiarabu. Pamoja na sifa zote hizo, Khalil aliishi maisha ya ufukara katika kibanda cha matete. Husimuliwa kwamba mtawala mmoja alipomtumia mjumbe kumwita akawafunze wanawe, Khalil alimtolea mjumbe huyo mkate mkavu, akamfahamisha kwamba maadamu anao huo, hana haja na mtawala.

Mapokeo yanaeleza kuwa fikra ya arudhi ilimjia alipopita katika soko la wafua shaba, akasikia nyundo zikigonga kwa mpigo uliojirudia. Liwe liwalo kuhusu kisa hicho, Khalil aliyasikiliza mashairi ya Waarabu na kuyagawa katika bahari 15. Ya 16 huhesabiwa kuwa nyongeza ya al-Akhfash, aliyekuja baadaye. Elimu hiyo mpya ilihitaji istilahi, na nyingi kati ya istilahi zake ni mali ya mkaa jangwani. Bayt, ambalo ni hema au nyumba, ni mstari kamili wa shairi. Nusu ya mstari huo huitwa kwa jina la ubawa wa mlango. Sabab, yaani kamba, ni kipande cha herufi mbili; watad, yaani kigingi, ni kipande cha herufi tatu. Hata neno arudhi lenyewe huhusishwa na mti wa katikati unaolisimamisha hema. Mchunga ngamia na mwanazuoni waliweza kulitaja neno moja, kila mmoja akamaanisha lake, na hakuna aliyempokonya mwenziwe.

Khalil aliyajua vyema maneno ya namna hiyo. Huhesabiwa kuwa mtunzi wa beti tatu zinazoishia kwa neno moja, ghurub, lenye maana tofauti kila linaporejea: kuchwa kwa jua, ndoo kubwa za kutekea maji, na mabonde. Kamusi yake, iliyo ya kwanza katika Kiarabu, huitwa Kitab al-Ayn kwa kuwa inaanza na herufi ayn. Aliipanga kwa kufuata mahali pa matamshi, kutoka kooni hadi midomoni. Ayn ni jina la herufi, lakini pia ni jicho, chemchemi, mpelelezi na hata fedha taslimu. Mswahili asemaye jicho la maji hashangazwi na uhusiano wa maana mbili za mwanzo. Wataalamu wengi huona kwamba kazi hiyo ilikamilishwa na mwanafunzi wake, al-Layth.

Khalil alifariki Basra kati ya mwaka 786 na 791. Yasemekana alikuwa amezama katika hesabu aliyokuwa akiitafakari, akaingia msikitini na kujigonga katika nguzo.

Maneno yake yalivuka bahari yakafika pwani yetu, lakini hayakufika yakabaki yalivyokuwa. Bayt ya Khalil ni mstari mmoja wenye nusu mbili. Ubeti wa shairi letu aghalabu una mishororo minne. Bahari kwake ilikuwa mpangilio wa silabi fupi na ndefu. Kwetu ni aina ya tungo, kama vile utenzi au wimbo. Mizani, neno ambalo muuza samaki hulijua kwa ratili na kadhi hulijua kwa haki, kwa mshairi wa Kiswahili ni idadi ya silabi, wala si urefu wake.

Hapa ndipo penye funzo kwa wahakiki wetu. Katika mabishano ya miaka ya 1970 kuhusu vina na mizani, asili ya Kiarabu ya istilahi hizi ilitajwa na baadhi ya watu kana kwamba ni ushahidi kuwa ushairi wenyewe ni wa kigeni. Hoja hiyo inachanganya neno na kazi yake. Neno mizani lilitoka Uarabuni. Kuhesabu silabi hakukutoka kwa Khalil. Yeye mwenyewe aliazima kamba na vigingi vya wachungaji, wala hakuna aliyedai kwamba arudhi yake ni elimu ya ufugaji.